Kusomea uzamili wa kufundisha viziwi ukiwa Mombasa: anza na mikono, makaratasi yafuate

Wanaoniuliza kuhusu shahada hii huanza na chuo: ni Kenyatta au Maseno, karo ni ngapi, miaka ni mingapi. Nitayajibu yote hayo. Lakini kwanza nami huwauliza swali langu: umewahi kukaa na kiziwi mtu mzima mkazungumza kwa saa nzima? Wengi hunyamaza. Nilinyamaza vivyo hivyo nilipoulizwa swali hilo na mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi. Alichukua kalamu akaniandikia: "Rudi baada ya miezi sita." Siku hiyo nilimwona mkali. Baadaye, nilipowaona wenzangu darasani chuoni wakihangaika na mada ambazo kwangu zilikuwa nyuso na majina ya watoto, nilimshukuru.

Mwongozo huu unafuata mpango wake, si mpango wa fomu za vyuo.

Hatua ya kwanza: ijue lugha kabla ya kuomba nafasi

Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili kinachosemwa kwa mikono, wala si Kiingereza cha mikono. Ni lugha yenye sarufi yake. Ishara moja inajengwa na umbo la kiganja, mahali mkono unapokaa, mwendo wake, upande kiganja kinakoelekea, na uso wa msemaji. Nyusi, macho na mdomo ni sehemu ya sarufi. Ukiweka uso wa mtu aliyechoka, umesema sentensi nyingine. Katiba ya 2010 inaitaja lugha hii kwa jina: kifungu cha 7 kinaitaka serikali iikuze, na kifungu cha 120 kinaifanya mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kwa hivyo unapoisoma usijione unajifunza "kusaidia wasiojiweza". Unajifunza lugha ya raia wenzako.

Hapa Mombasa pa kuanzia ni Shule ya Viziwi ya Ziwani. Ukiwa upande wa kaskazini, ipo ya Kibarani kule Kilifi; ukivuka feri ya Likoni kuelekea kusini, ipo ya Kwale. Nenda ofisini kwa adabu, mwombe mwalimu mkuu ruhusa ya kujitolea, hata iwe alasiri moja kwa wiki kusimamia michezo. Uwanjani ndipo lugha inapotiririka, maana watoto wakicheza hawakungoji uelewe. Kisha tafuta kiziwi mtu mzima akufundishe kwa malipo. Nasema kwa malipo kwa sababu hii ni kazi yenye ujuzi, na si haki kumtaka mtu akupe saa zake bure ati kwa kuwa wewe umependezwa na lugha yake. Mara mbili kwa wiki kwa miezi sita zinatosha kukufikisha mahali pa kuendesha mazungumzo ya kawaida. Ukitaka mafunzo rasmi yenye cheti, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, ile ya Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa 1986, imekuwa ikifundisha lugha hii pamoja na stashahada za elimu maalum.

Tahadhari na video za intaneti. Nyingi ni za lugha ya ishara ya Marekani. Yetu imeazima baadhi ya mambo huko, zikiwemo herufi za mkono mmoja, lakini ni lugha nyingine. Niliwahi kumwaga ishara nilizojifunza kwenye simu mbele ya watoto wa darasa la tatu nikijiona nimeiva. Binti mmoja akanishika mkono, akaushusha, akauweka mahali panapostahili, akanitazama hadi nikarudia sawasawa. Hiyo ndiyo iliyokuwa tathmini yangu ya kwanza ya uzamili, na aliyenitahini alikuwa na miaka tisa.

Mengine ni ya adabu, na huwezi kuyapata kwenye kitabu cha chuo kwa haraka. Kumwita kiziwi, mguse begani au uzime na kuwasha taa, usimrushie vitu. Usisimame na dirisha mgongoni, kwa sababu mwanga wetu wa pwani utakugeuza kivuli, na kivuli hakisomeki mikono wala midomo. Usijipe jina la ishara. Ngoja upewe na viziwi wenyewe. Na hili neno "bubu" tulilokulia nalo mitaani, liache. Kiziwi ana sauti, na ana lugha. Wenyewe wanasema "kiziwi" na hawaoni aibu, nawe usiwatafutie neno la kuzungukazunguka. Ukienda Tanzania utasikia "lugha ya alama"; ni jina tofauti tu, ingawa lugha ya viziwi wa kule nayo ni nyingine.

Tangu siku ya kwanza weka daftari. Andika unachokiona darasani: nani kakwama wapi, mwalimu kafanya nini, mtoto kajibu vipi. Usiandike majina. Daftari hili utalihitaji mara mbili mbele ya safari.

Hatua ya pili: makaratasi

Hapa sitakawia. Vyuo vyetu kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini huhitaji kuongezea uzoefu wa kazi, aghalabu miaka miwili. Kama shahada yako ya kwanza ni ya elimu maalum, njia imenyooka. Kama ni ya ualimu wa kawaida, uliza idara mapema iwapo utatakiwa kusoma kozi za kuziba pengo. Kama si ya ualimu kabisa, tuseme ya sosholojia au ya isimu, unaweza kukubaliwa na chuo lakini Tume ya Huduma kwa Walimu isikusajili kuwa mwalimu. Itakubidi upate stashahada ya uzamili ya ualimu kwanza. Wapo waliomaliza uzamili ndipo wakagundua hivyo, na inauma.

Toa nakala za vyeti vyako vyote, zithibitishwe na wakili, uzipige picha uzihifadhi kwenye barua pepe. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja kwenye kitambulisho, cheti cha kidato cha nne na shahada. Sisi wa pwani tuna majina matatu manne, na "Mohamed" huandikwa kwa tahajia tano. Tofauti ya herufi moja inaweza kukuzungusha wiki kadhaa.

Hatua ya tatu: kuchagua chuo

Nchini, Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Maseno vina idara za elimu maalum, na vyote vimefundisha uzamili wa elimu katika fani hii. Jirani zetu Uganda wana Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kabla ya kulipa ada ya maombi popote, thibitisha mambo mawili kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu: kwamba chuo kimeidhinishwa, na kwamba programu yenyewe imeidhinishwa. Chuo chaweza kuwa halali na kozi yake mpya isiwe.

Kisha iandikie idara barua pepe yenye maswali ya mtu anayejua anachotafuta. Mimi ningeuliza hivi: Je, kuna mkondo wa viziwi, au ni elimu maalum kwa jumla? Nani atanisimamia, na ameandika nini kuhusu viziwi? Je, kuna mhadhiri kiziwi? Je, Lugha ya Ishara ya Kenya inafundishwa ndani ya kozi na inatahiniwa? Masomo yanaendeshwa lini? Jibu la swali la tatu ndilo ninalolipima zaidi. Idara inayofundisha habari za viziwi bila kiziwi hata mmoja miongoni mwa walimu wake ina pengo, hata karo yake iwe nafuu.

Ng'ambo, Chuo Kikuu cha Gallaudet kilichoko Washington, D.C., kimefundisha viziwi tangu 1864 na kina uzamili wa elimu ya viziwi. Kule Rochester, jimbo la New York, taasisi ya kitaifa ya ufundi kwa viziwi ina uzamili wa kufundisha wanafunzi viziwi wa sekondari. Kote huko utahitaji lugha ya ishara ya Marekani, na leseni utakayoandaliwa ni ya majimbo yao. Uingereza wana sifa ya lazima kwa mwalimu wa viziwi, na Chuo Kikuu cha Birmingham kinajulikana kwa mafunzo hayo. Ushauri wangu, na mwingine ataona vingine: kama nia yako ni kufundisha watoto wa Kisauni na Changamwe, soma hapa kwanza. Ng'ambo iache kwa uzamifu, ukiwa tayari na maswali yako mkononi.

Na kama wewe mwenyewe ni kiziwi unasoma haya, hatua ni zilezile, lakini ongeza moja. Kabla ya kukubali nafasi, kiulize chuo kwa maandishi nani atalipa wakalimani, watakuwa wangapi, na watakuwapo siku ya kwanza au mwezi wa tatu. Mkalimani mmoja hawezi kufanya kazi mhadhara wa saa tatu. Huchoka, na akichoka wewe ndiye unayepoteza. Wanatakiwa wawili wapokezane kila dakika 20 au 30. Kifungu cha 54 cha Katiba kinakupa haki ya kutumia lugha ya ishara, nawe kitaje kwenye barua yako bila kusita. Jisajili na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu uulize msaada wao wa elimu. Dkt. Michael Ndurumo, kiziwi Mkenya, alisoma hadi uzamifu Marekani kisha akarudi kufundisha katika vyuo vikuu vyetu, na hiyo ni zamani. Njia imeshakanyagwa.

Hatua ya nne: karo na muda

Uzamili wetu umepangwa kwa miaka miwili: mmoja wa kozi, mmoja wa utafiti na tasnifu. Walio kazini wengi huvuka muda huo, na si kwa uvivu. Hesabu yako isiishie kwenye karo. Ongeza nauli, malazi ya Nairobi au Maseno, uchapishaji, leseni ya utafiti, na, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau, malipo ya mkalimani wakati wa kukusanya data.

Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu anaweza kuomba likizo ya masomo. Omba mapema, usiondoke kazini kwa matumaini. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ina mikopo ya wanafunzi wa uzamili. Ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Hutaka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili na urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya kumaliza. Zipo pia fadhili za Jumuiya ya Madola, baadhi zikiwa za kusoma kutoka hapa hapa kwa mtandao, na Fulbright kwa Marekani. Zote hizi huchukua karibu mwaka tangu kuomba hadi kusafiri, kwa hivyo anza mapema.

Hatua ya tano: barua ya nia

Barua hii ndiyo itakayokutenganisha na wengine, na ndipo daftari lako linapofanya kazi mara ya kwanza. Wengi huandika: "Tangu utotoni nimekuwa na moyo wa huruma kwa watoto wenye ulemavu na ningependa kuwasaidia." Msomaji wa maombi amekwisha kuisoma sentensi hiyo mara mia, na akiwa kiziwi itamkera. Huruma haimfundishi mtoto kusoma.

Andika ulichokiona. Kwa mfano: "Katika darasa la nne nililojitolea, wanafunzi walisimulia kisa kizima cha safari ya feri kwa ishara, chenye mwanzo, mzozo na mwisho. Walipotakiwa kukiandika, waliandika maneno manne yaliyotawanyika. Nataka kuelewa kinachopotea kati ya mkono na kalamu, na mwalimu afanye nini hapo." Mistari mitatu tu, lakini imeonyesha kwamba ulikuwepo, kwamba unawaona watoto wana lugha, na kwamba una swali. Barua za kukupendekeza nazo, angalau moja itoke kwa mtu aliyekuona ukiwa na wanafunzi viziwi.

Hatua ya sita: mwaka wa kozi

Ukisoma kwa mpango wa likizo, utakuwa chuoni Aprili, Agosti na Desemba, wenzako wakipumzika. Treni ya Madaraka kutoka Miritini, iliyoanza 2017, hukufikisha Nairobi kwa saa kama tano, na saa hizo tano ni za kusoma. Mimi nilimaliza sehemu kubwa ya kozi ya audiolojia kati ya Voi na Mtito Andei.

Audiolojia, yaani elimu ya usikivu, huwatisha walimu kwa sababu ya michoro yake. Isikutishe. Audiogramu, yaani mchoro wa usikivu wa mtu, ina pande mbili: upande mmoja ni ukali wa sauti kwa desibeli, upande mwingine ni wembamba au uzito wa sauti, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8000. Mazungumzo ya kawaida yako kwenye desibeli 60 hivi. Mtoto anayekosa sauti nyembamba husikia "mama" bila shida, lakini "safi" na "sasa" humfikia zimekatwakatwa, kwa kuwa "s" na "f" hukaa kule juu na ni dhaifu. Mtoto huyo akiitwa jina ataitika, na mwalimu asiyejua atasema: "Anasikia huyu, mkaidi tu." Ukitoka na hilo peke yake katika kozi nzima, umeshaokoa watoto.

Yahusishe unayosoma na mji wako, maana vitabu vingi vimeandikwa kwenye nchi za baridi. Mashine ya sikio hukuza kila kitu, ukiwemo mvumo wa pangaboi, na darasa la Mombasa bila pangaboi halikaliki Februari. Jasho na unyevu wa bahari huziharibu mashine hizo, na kuzihifadhi usiku kwenye kikopo chenye kikaushio ni jambo la kumfundisha mzazi siku ileile mtoto anapopewa. Haya niliyaandika kwenye mtihani na mhadhiri akaniita nimweleze zaidi.

Historia isome kwa moyo wako wote. Mwaka 1880 kulifanyika mkutano wa waelimishaji wa viziwi mjini Milan, Italia, ukaamua kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema tu na ishara ziondolewe. Uamuzi ule uliwafunga watoto mikono kwa vizazi, na moshi wake ulifika hadi kwetu: shule za mwanzo za viziwi nchini, kama Mumias na Nyang'oma, zilianza miaka ya 1960 zikifuata njia ya kusema. Ni mwaka 2010 tu, kule Vancouver, mkutano wa aina ileile ulipoyakataa rasmi maamuzi ya Milan na kusikitikia madhara yake. Ni miaka 130. Katikati yake utakutana na William Stokoe, aliyeonyesha mwaka 1960 kwamba ishara zina muundo wa lugha kamili, na Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, mwaka 1954, aliyefungua shule ya viziwi Accra mwaka 1957 na nyingine nyingi barani hadi alipofariki katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Utasoma pia habari za Nicaragua, ambako watoto waliokusanywa shuleni miaka ya 1970 na 1980 bila lugha ya pamoja waliiunda yao wenyewe, mpya kabisa. Nikisoma habari ile nilikumbuka watoto wetu wanavyofika shule wakiwa na ishara za nyumbani tu, ishara ishirini thelathini za kula, kulala na kuogopa, na jinsi wanavyochanua wakikutana na wenzao.

Kwa nini wanafika hivyo? Kwa sababu takribani watoto 9 katika kila 10 walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Wengine hupoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo, maradhi ya masikio yasiyotibiwa, au dawa kali kama jentamisini. Nyumbani hakuna wa kuwapa lugha, na miaka ya mwanzo ya lugha haimsubiri mtu. Hapa ndipo utakapoelewa kwa nini kituo cha upimaji wa elimu cha kaunti (vituo hivi vilianza nchini 1984) si ofisi ya kuandika barua za kuhamisha watoto. Kila mwezi anaochelewa mtoto kupimwa ni mwezi usio na lugha.

Hatua ya saba: utafiti

Swali usilitafute kwenye maktaba kwanza. Fungua daftari. Langu lilikuwa na jambo lililonisumbua kwa mwaka mzima. Mtoto kiziwi katika mfumo wetu husoma Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili, na mtihani wake ni huo. Ni ushindi mkubwa uliopiganiwa na viziwi, na siugusi. Lakini Mombasa Kiswahili ndicho lugha ya nyumba. Kwa hivyo binti wa Likoni anaweza kumaliza darasa la mwisho akisoma Kiingereza, na mamake asijue Kiingereza wala ishara. Mama huyo akiandika ujumbe wa simu, "Mwanangu nimechelewa, chakula kiko jikoni," binti hausomi. Niliuona ujumbe kama huo, na niliulizwa na binti mwenyewe unasema nini. Kuanzia hapo sikuwa na shida ya mada.

Yako mengine hapa pwani yanayongoja mtafiti. Watoto viziwi madrasa hufundishwaje, na maustadhi wanatumia nini kueleza maneno ya Kiarabu? Vijana viziwi wanaofanya kazi soko la Kongowea walijifunza hesabu wapi? Akina nyanya wanaowalea wajukuu viziwi wanataka kufundishwa ishara zipi kwanza? Chagua dogo, ulichimbe.

Taratibu ziko hivi. Pendekezo lako likipita mbele ya jopo la idara, huenda kwenye kamati ya maadili, kisha unaomba leseni kwa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi kwa mtandao. Ukiipata, jipeleke ukajitambulishe kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kabla ya kukanyaga shule. Usirukie hatua hata moja, hata kama mwalimu mkuu ni mjomba wako.

Sasa yale ambayo fomu hazikwambii. La kwanza ni idhini. Nilitengeneza fomu nzuri za Kiingereza, nikazituma kwa wazazi kupitia watoto, zikarudi zimetiwa sahihi zote. Nilifurahi hadi mama mmoja aliponisimamisha getini: "Mwalimu, ile karatasi ya kulipa hela ngapi?" Nilizitupa zote. Nikaanza upya kwa Kiswahili cha kusemwa, ana kwa ana, jioni baada ya jioni. Watoto nao wana haki ya kukubali au kukataa kwa lugha yao, kwa hivyo rekodi maelezo kwa ishara, yakiwa yamesemwa na kiziwi, na uwaonyeshe.

La pili ni siri. Huwezi kumrekodi mtu anayetumia ishara bila uso wake, maana uso ni sarufi. Kuficha jina hakutoshi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana, na hasa kwa watoto. Eleza wazi nani ataiona video, itakaa wapi, itafutwa lini. Na kwa kuwa shule za viziwi ni chache na kila mtu anamjua mwenzake, ukiandika "mvulana wa darasa la sita aliyetoka Lamu," umeshamtaja.

La tatu, usilazimishe takwimu kubwa. Darasa la viziwi laweza kuwa na wanafunzi wanane. Watafiti wengi hukazana kupata asilimia kutoka kwa watoto wanane, wakati wangeandika utafiti wa kina wa watoto watatu ukawa na thamani zaidi. Mwambie msimamizi wako mapema, mkubaliane.

La nne, tafsiri yako ya ishara kwenda maandishi ikaguliwe na kiziwi, alipwe, na atajwe kwenye tasnifu kama akikubali. Mahali ambapo wewe umeandika "hakujibu," yeye anaweza kuona nyusi zimejibu.

Ukimaliza

Peleka nakala zilizothibitishwa za shahada yako kwa Tume ya Huduma kwa Walimu ziingizwe kwenye faili lako. Kama ni ya ng'ambo, itambuliwe rasmi nchini kwanza. Usitarajie shahada ikupandishe cheo yenyewe. Nafasi hutangazwa, unaomba, unahojiwa. Milango mingine ni vituo vya upimaji vya kaunti, vyuo vya ualimu, na utayarishaji wa vifaa vya kufundishia.

Kuna jambo moja chuo hakitakudai, nami naliona ni sehemu ya kazi yenyewe: rudisha matokeo kwa waliokupa. Omba ukumbi wa shule Jumamosi, asubuhi kabla ya joto. Walete wazazi, watoto, walimu na viziwi wa mtaani. Wewe mwenyewe ueleze kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, na mkalimani awape wanaosikia sauti kwa Kiswahili, si kinyume chake. Panga viti nusu duara ili kila mmoja aione mikono ya mwenzake wakati wa maswali, funga madirisha yaliyo nyuma yako, na uache saa mbili nzima, kwa sababu maswali yatakuwa mengi.